Matundu Manne

Mama Ndeonasia alitaka nipake Ijumaa, nimalize Jumamosi,
Jumapili apokee wageni wa kipaimara kutoka Masama.
"Si unapaka tu juu, fundi?"
Nikaigonga fremu kwa ukucha. Ganda likadondoka,
jembamba kama la karanga, pana kama kisahani.
Hakusema tena. Akaenda kubandika maji.

Nyumba ipo Rau, ng'ambo ya mfereji:
nje mawe, ndani mbao. Milango sita na fremu zake,
ubao wa chini unaoizunguka sebule kama mshipi.
Loliondo tupu, ya zamani, ile usiyoipata sasa
hata uzunguke viwanda vyote vya mbao Moshi nzima.
Juu yake rangi, juu ya rangi rangi,
na juu ya hiyo moshi wa kuni, mafuta ya vitumbua,
na vidole vya watoto, usawa wa kitasa.

Kwanza magadi. Maji ya moto, kitambaa,
chini kwenda juu; ukianzia juu
michirizi itakuachia alama zisizofutika.
Kisha maji matupu. Kisha ungoje.
Fundi Mrutu aliyenifundisha kazi alikuwa mtu wa matusi,
lakini hili alilisema bila tusi:
ubao mbichi ni mdeni, leo anakubali, kesho anakukana.

Wala usikwangue rangi kongwe kavukavu.
Za miaka ile zina risasi, na vumbi lake
linaingia damuni bila kubisha hodi.
Nikatundika shuka mlangoni, nikafunga barakoa,
nikalowesha msasa, namba themanini.

Krimu. Chini ya krimu, kijani ya zahanati.
Chini ya kijani, bluu ya jalada la daftari,
halafu kahawia nzito iliyong'ang'ania kama ukoko.
Halafu wenyewe, mwekundu, na harufu bado inayo.
Miaka yote hiyo, na harufu bado inayo.

Ni mlango wa chumba cha nyuma.
Fremu ya kulia, juu kidogo ya kichwa changu,
msasa uliruka. Puti, ngumu kama jino.
Nikalowesha, nikasugua polepole. La pili. La tatu.
Matundu manne, mraba mdogo.
Kwenye mlango wenyewe, manne mengine, yanatazamana.
Komeo.
Nikaangalia niliposimama.
Nilikuwa koridoni.

Mama alikuja na chai akaona nimeona.
"Shangazi Aikande," alisema. "Alikuwa akitoka usiku.
Mara moja walimkuta mferejini, ameketi majini,
anasuka nywele za mtu asiyekuwepo."
Akakinywa kikombe alichoniletea mimi.
"Waliliweka juu ili watoto tusichezee.
Lakini wa kufunga nilikuwa mimi. Miaka tisa.
Nilipanda kigoda."
Nje jirani alikuwa anakata majani ya ng'ombe,
panga linapiga, linatulia, linapiga.
"Ziba, fundi."

Nikaichokonoa puti ya zamani kwa msumari,
nikakanda mpya, nikajaza hadi ikavimba,
maana puti husinyaa; ukijaza usawa
asubuhi utakuta vishimo vinakukodolea.
Ikalala. Nikasugua kwa msasa laini,
nikapitisha kidole nimefumba macho.
Bado. Nikajaza tena.
Kuna mafundi wangesema hapo tosha,
rangi itaficha. Rangi ya kung'aa haifichi kitu,
inamulika.

Jumamosi jioni milango mitano ilikuwa tayari.
Wa sita ulikuwa na praima tu, mweupe, bila kitasa.
Nilijiandaa kwa maneno kuhusu hela na wageni.
Mama alipita, akaugusa ukingoni, ukaacha alama kidoleni mwake.
Akaingia jikoni, akarudi na kigoda
cha miguu mitatu, kimechakaa katikati,
akaukingia chini usije ukajifunga
kabla haujakauka.
Akakijaribu kwa mguu. Kikashika.
"Utakuja Jumatatu," alisema.
Wala hakuwa ananiuliza.